Jinsi Mawese Yalivyoshika Breki za Landrova ya Baba

Jumapili, Septemba. Mvua alfajiri, jua kali mchana, tope kila mahali.

Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya nyumba yetu hapa Mikelenge, mjini Kindu, na mikono yangu inanuka mafuta ya breki na pombe kali. Ndiyo, pombe. Nitaeleza. Simu ina chaji kidogo na mtandao unakuja na kupotea, lakini lazima niandike leo. Nikiacha mpaka kesho nitasimulia kwa upole ambao si wangu.

Leo gari la baba limewaka. Leo hii hii limenitupa kwenye migomba ya jirani.

Nianze na mama, kwa sababu bila yeye nisingegusa hata spana moja. Mimi ni muuza mchele. Kazi yangu ni magunia, mizani na kubishana na wanunuzi, si magari.

Mama ana dada mmoja aliyebaki duniani, Mama Mukubwa Zaina, anayekaa Tunda. Hawajaonana miaka mingi. Mwezi uliopita dereva wa pikipiki alituletea ujumbe kutoka kwa binti wa Zaina: mama yake ameanza kusahau watu. Wanawe anawaita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Jina la mama yangu tu ndilo bado analipatia, na kila asubuhi anauliza yuko wapi. Ujumbe uliishia hapo. Hakuna aliyesema tufanye haraka, lakini mama alisikia hivyo hivyo, akaenda kupanga nguo zake kwenye mfuko.

Shida ni nyonga. Mama alianguka akitoka chemchemini, nyonga ya kushoto ikavunjika na kuunga vibaya. Pikipiki, ambayo ndiyo usafiri wa kila mtu hapa, haiwezi. Tulijaribu. Hatukufika hata uwanja wa ndege. Aliteremka ameuma mdomo mpaka damu, akasema hajambo. Treni nayo inakuja siku inayotaka yenyewe. Na mvua ndiyo hiyo imeanza. Ikishika kasi, njia ya Kibombo, ambayo ndiyo ya kwenda Tunda, itafaa mitumbwi tu.

Ikabaki landrova ya baba.

Ilikuwa hapa nyuma ya nyumba tangu vita, imefunikwa mabati, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Bodi yake ilikuwa nzima, maana ni ya alumini, haishiki kutu. Ndani ilikuwa tupu. Ukifungua boneti unaona chuma kikubwa cha injini na mashimo mahali pa kila kitu kingine, kwa sababu wakati wa vita baba aliigawa.

Watu wa Kindu wanajua ninachosema. Wengine niwaeleze. Miaka ile mwenye gari alikuwa na shida kuliko asiye nalo. Watu wenye bunduki walikuwa wanachukua magari, na mara nyingine wanamchukua na dereva. Kwa hiyo wenye magari walikuwa wanayafungua vipande vipande, na kila kipande kinapelekwa kwenye nyumba nyingine kama amana: kwa jirani, kwa mkwe, kwa rafiki wa dini nyingine. Gari lisilo na viungo hakuna anayelitaka. Demarere, yaani ile mota ndogo inayoamsha injini, baba aliipeleka kwa Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ambaye aliificha chini ya magunia ya chumvi. Silenda kuu ya breki aliipeleka kwa Mama Anifa, jirani yetu. Sisi tulikuwa tumekwisha kukimbilia mashambani. Baba alibaki nyuma mpaka amalize, akatufuata kwa miguu akinyeshewa njia nzima, pampu ya mazutu, yaani ya dizeli, imefungwa kifuani.

Pampu hiyo alimpa mama. Homa ilimshika baba wiki hiyo hiyo na dawa hatukupata. Tulimzika huko huko.

Kisha tukaendelea kukimbia. Nilikuwa na umri wa miaka saba hivi, miguu imejaa miiba, nalia nibebwe. Mama hakuweza kunibeba. Mgongoni mwake, ndani ya kitenge, palikuwa na kile chuma, amekifunga kama mtoto mchanga na kukifunika kichwa. Kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye bunduki aliuliza kwa nini mutoto halii.

“Analala,” mama akajibu. “Usimwamushe, iko na homa.”

Kijana akarudi nyuma, tukapita. Mimi nilikuwa nakichukia kile chuma. Nilikionea wivu, niseme ukweli wangu wote. Pampu naikumbuka vizuri kuliko uso wa baba.

Vita vilipokwisha, mama hakukusanya chochote. Alisema mwenye gari hayupo, basi viungo vikae vilipo. Vikakaa zaidi ya miaka ishirini.

Kaka yangu Ramazani ana mawazo mengine kuhusu gari hili. Yeye alikuwa mkubwa kunipita, ndiye aliyechimba kaburi. Kwake yeye landrova ndiyo iliyomuua baba: angeondoka pamoja nasi, asingenyeshewa, asingeugua. Siwezi kusema amekosea. Mwaka huu aliongea na mafundi wanaoyeyusha alumini kutengeneza masufuria, na kwa mafundi hao bodi ya landrova ni kama ng'ombe mnono. Wanakuja na misumeno Jumatatu.

Jumatatu ni kesho.

Ujumbe wa Tunda ulipofika nilimwomba anipe muda, nikamwambia nitaiwasha. Alicheka kicheko cha mtu aliyechoka.

“Ikitembea na ikisimama, njo ya kwako,” alisema. “Ikishindwa, wale bantu wa masufuria wanabeba.”

Nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi wangu anaitwa Djuma, ana karakana ya mabati karibu na stesheni. Ni mdogo kwangu, ana tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Ana sheria moja inayofukuza wateja: hafungi kipande kwenye gari la mtu mpaka mwenye gari aseme kipande hicho kinafanya kazi gani. Anasema watu wasioyajua magari yao ndio wanaorudi kumtukana.

“Hii inafanya kazi gani, madamu? Haujue? Basi haiingie.”

Siku za kwanza nilitaka kumpiga na hicho kipande. Nina mchele wa kuuza, mama ananingoja, na mtu mzima ananishikia chujio la mazutu mbele ya pua kama mwalimu wa darasa la kwanza. Lakini kichwa changu ni kigumu, waulizeni sokoni. Nilisema nitajua kila msumari wa gari hili kabla sijashindwa na Djuma.

Basi nimejifunza. Nilidhani betri ndiyo inayoendesha gari. Kumbe betri inaipa demarere nguvu ya kuzungusha injini kidogo tu mwanzoni, kisha inakaa ikirudishiwa chaji na alternata. Nimejifunza kwamba injini ya mazutu haihitaji cheche ya kuwashia kama ya petroli. Pistoni inapanda, inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, halafu mazutu yanapulizwa humo ndani na yanawaka bila kiberiti. Zinazopuliza ni injekta. Inayozipimia injekta, kila moja kwa zamu yake, kiasi kidogo kidogo bila kukosea, ni pampu. Pampu ikikosea, injini yote ni chuma cha kufungia mbuzi.

Radiata inapoza maji yanayozunguka injini, na feni inaisaidia. Klachi inaiachanisha injini na gia, ndiyo maana gari linaweza kusimama huku injini inanguruma. Kabla ya hapo nilidhani pedali ile ya kushoto imewekwa kwa ajili ya kupumzisha mguu. Djuma alicheka mpaka akakaa chini.

Pampu ya baba, mama alikuwa ameitunza ndani ya mtungi, imezama kwenye mafuta ya mawese. Chuma chake kilikuwa kizima kabisa. Djuma aliiosha, akatoa raba zake zote za zamani na kuweka mpya, kisha akaishika mbele yangu na kuniuliza inafanya kazi gani. Nilijua. Nilijua vizuri sana, lakini niliipokea tu nikaipakata kama mtoto. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akavunja sheria yake, akaichukua, akaifunga.

Nilizunguka mjini kukusanya amana. Papa Kambale aliitoa demarere dukani kwake, akaifuta kwa leso yake mwenyewe. “Papa yako aliniambia atarudi kuikamata,” alisema. “Nimemungojea yeye, na umekuja weye.” Nililia dukani kwake mbele ya wateja, na wala sikujificha.

Mama Anifa yeye hakuwepo. Alikuwa Obokote kwa binti yake aliyejifungua, akarudi Ijumaa. Kwa hiyo silenda kuu ya breki ilikuja ya mwisho kabisa, jana asubuhi. Aliileta juu ya sinia, imefungwa kitambaa cheupe, inang'aa kuliko vyombo vyangu vya jikoni.

Djuma akauliza. Nikajibu bila kusita: nikikanyaga pedali, fimbo yake inasukuma pistoni ndani ya silenda kuu, pistoni ina raba inayobana mafuta ya breki yasipite pembeni, mafuta yanakimbia kwenye mabomba mpaka kwenye silenda ndogo za magurudumu, hizo nazo zinasukuma viatu vya breki vikabane ngoma, na gurudumu linasimama. Nikiachilia, kila kitu kinarudi mahali pake.

“Iingie,” alisema. Nilijisikia mkubwa.

Tuliifunga, tukaweka mafuta, tukatoa hewa. Hewa ikibaki kwenye mabomba, mguu unabana hewa badala ya kusukuma mafuta, na gari halisimami. Pedali ilikuwa nzito na ilirudi polepole. Djuma alikunja uso. Lakini shemeji yake alikuwa anaoa ng'ambo ya mto, Alunguli, na watu walikuwa wanamngoja kwenye mtumbwi. Alivaa suti, kucha bado zina grisi.

“Musiitembeze,” aliniambia. “Jumatatu nikirudi nitaifungua.”

Nilimsikia vizuri. Ila Jumatatu ya Djuma na Jumatatu ya masufuria ni siku moja.

Leo asubuhi, mvua ilipokatika, nilikaa kwenye kiti cha dereva nikageuza ufunguo. Demarere ikalia, injini ikakohoa, moshi mweupe ukajaa uani. Mara ya pili ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika, na kelele yake ikanipanda kupitia kiti mpaka kwenye meno. Kuku walitawanyika. Mama alikuwa mlangoni na fimbo yake, amefumba macho, anasikiliza. Miaka yote hii hakuwa ameisikia sauti ile.

Ramazani alitoka kwake akaja kusimama kwenye ua. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu: imewaka, sasa itembee, kisha isimame mbele ya macho yake, na maneno ya misumeno yaishe.

Nilitia gia ya kwanza. Pale kwetu njia inateremka kidogo kuelekea barabarani. Nilikanyaga breki, gari likapunguza mwendo, nikatabasamu kama mjinga. Nilikanyaga tena. Pedali ikazama mpaka sakafuni, na haikurudi. Niliivuta kwa ncha ya kiatu, nikaikanyaga tena, hamna kitu. Breki ya mkono ilikuwa bado haijakazwa. Barabarani watoto walikuwa wanapita, basi nilikata usukani kwenye migomba ya Mama Anifa. Migomba ikalala, gari likasimama, injini ikazimika.

Mama alikuwa anaita jina langu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Ramazani alinifungulia mlango, akanikagua kichwa na mikono, akaona niko mzima. Hapo ndipo alipokasirika.

“Hii gari ilikula baba,” alisema. “Sasa ilitaka kukukula na weye.”

Akaondoka. Nilikaa kwenye majani ya migomba yaliyovunjika nikalia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na baba aliyeigawa, na Ramazani, na Djuma na harusi zake. Zaidi ya wote nilikuwa na hasira na mimi.

Machozi yalipokwisha nilijiuliza swali la Djuma. Kila kimoja kinafanya kazi gani? Nikaanza mguuni, nikaifuata njia yote. Pedali na fimbo yake vilikuwa sawa. Chini ya gari hapakuwa na tone lililovuja, wala kwenye magurudumu, kwa hiyo mafuta hayakukimbia nje. Silenda ndogo za magurudumu Djuma alizivalisha raba mpya kwa mikono yake. Kilichobaki ni kimoja: silenda kuu, ambayo mimi nilijua kazi yake lakini sikuwahi kuona ndani yake.

Vijana waliokuwa wanapita walinisukumia gari mpaka uani. Nikaifungua silenda. Kabla sijaona kitu, pua iliniambia. Mawese.

Raba za pistoni zilikuwa zimevimba na kulegea kama mihogo iliyolowekwa. Zilijaza silenda yote, zikisukumwa zinakwama huko huko, hazirudi.

Wakati huo huo Mama Anifa akaingia. Nilidhani amekuja kwa ajili ya migomba yake. Alikuja kuuliza kama nimeumia. Alipoona silenda mikononi mwangu, uso wake wote ukafurahi.

“Unaiona?” aliniambia. “Kila mwezi wa mufungo nilikuwa naipaka mawese, ndani na inje. Sikuruka hata mwaka mumoja. Nilisema mwenyewe akirudi, aikute muzima.”

Hapa Maniema kila chuma kinapakwa mawese. Panga, jembe, bawaba za mlango, cherehani ya marehemu nyanya. Yanakinga kutu na hayajawahi kumdanganya mtu. Hakuna aliyemwambia Mama Anifa kwamba ndani ya chuma kile kuna raba, na kwamba raba ya breki inapenda mafuta yake yenyewe tu, mengine yote yanaiharibu. Baba alikuwa na haraka. Alimwambia aitunze, naye akaitunza kwa kitu bora alichokuwa nacho nyumbani.

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Nilimshika mikono yake miwili nikamshukuru, na nilimaanisha kila neno. Yeye hasomi mambo ya mtandao. Kama kuna mtu wa mtaa wetu anayemsomea, namwomba aruke sehemu hii.

Kisha nikaenda kanisani.

Papa Kambale, ambaye siku hizi anauza vipuri, alikuwa ndani ya misa, nami nikasimama nje na kilemba changu na raba zilizovimba kwenye mfuko wa plastiki. Watu walipotoka, wanakwaya walinitazama kuanzia viatu vya matope mpaka kichwani. Kambale alikuwa na suti ya bluu na viatu vinavyong'aa. Inajulikana mji mzima kwamba Jumapili hauzi hata kiberiti. Nilimwonyesha raba, nikamweleza kuhusu mama na Tunda. Alizigeuza geuza mkononi, akazinusa, akacheka polepole.

“Mawese,” alisema. “Banatutunzia muzuri sana.”

Alinipeleka dukani kwake, akafungua mlango nusu, akalinganisha raba mpya na zile za zamani mpaka akapata zenye kipenyo kile kile, akanipa na chupa ya mafuta ya breki. Kisha akafunga duka lake akaenda kula na familia.

Ikabaki kuosha silenda. Djuma alinifundisha kwamba petroli na mazutu ni sumu ya raba za breki kama mawese. Ukitaka kuosha, tumia pombe kali, inakata mafuta na inakauka yenyewe. Pombe kali ya karibu na kwetu ni lutuku. Kwa hiyo mimi, binti wa nyumba inayofunga na kuswali, niliingia kwenye ua wa mama anayepika lutuku, Jumapili mchana, nimevaa kilemba. Wanywaji wote walinigeukia. Nikaomba chupa. Mama mwenye ua aliniuliza kwa adabu kama nataka na kikombe. Kesho kutwa nitakuwa hadithi ya mtaa, na sijali.

Niliosha silenda mpaka harufu ya mawese ikaisha. Nikavalisha pistoni raba mpya, nikizilowesha kwa mafuta ya breki kwanza, midomo yake ikitazama upande mafuta yanakosukumiwa, kama nilivyoona kwenye silenda ndogo. Nikaifunga. Nikakaza na breki ya mkono. Sasa kutoa hewa.

Kazi ya kutoa hewa inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine yuko chini kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo, mafuta yanatoka pamoja na hewa, anaifunga kabla pedali haijaachiliwa. Ukiachilia mapema, hewa inarudi ndani na kazi yote ni bure. Djuma yuko harusini. Ramazani amezima simu. Vijana wamekwenda kwenye mpira. Nilikuwa nimesimama pale nikiangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi, nikasikia mlango wa landrova unafungwa.

Mama alikuwa amepanda mwenyewe. Sijui alipandaje. Fimbo yake ilikuwa imelala kwenye kiti cha pembeni.

“Muguu wa kuume njo muzima,” alisema. “Sema nifanye nini.”

Nilikataa. Nilimwambia atajiumiza, tutangoja mtu. Alinitazama tu, akashika usukani. Ninajua kichwa changu kigumu nilikitoa wapi.

Nikalala chini kwenye tope. Tulianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na silenda, kama inavyotakiwa. Kanyaga mama. Kanyaga tena. Shikilia. Skrubu ikafunguliwa, mafuta yakatema mapovu. Nikafunga. Achilia. Tukarudia mpaka mafuta yakatoka safi bila povu, tukaenda gurudumu la pili, kisha la mbele. Sauti yake ilikuwa inanifikia kutoka juu, imebanwa kidogo, ikiuliza: “Bado?” Nami najibu bado. Hakulalamika hata mara moja.

Kwenye gurudumu la mwisho nilisema shikilia, nikafungua, yakatoka mafuta matupu, safi, mstari mmoja. Nikafunga. Nikakaza. Nikatambaa kuzunguka gari kuangalia kama kuna mahali panavuja, nikafuta kila skrubu kwa kitambaa, nikaangalia tena. Pakavu. Nilienda nyuma ya gari ili mama asinione, nikaegemea bodi ile ya alumini nikalia mpaka nikatosheka, kwa ajili ya baba, kwa ajili ya njia ile ya miiba. Nikanawa uso kwenye ndoo. Nikafunga chupa ya mafuta, nikakusanya spana. Ndipo nikarudi mlangoni kumwambia mama tumemaliza.

Mguu wake ulikuwa unatetemeka wote, kuanzia pajani mpaka kisigino. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Alikuwa bado amekanyaga.

“Haukusema niachilie,” alisema.

Niliinama nikaangalia pedali. Tangu nilipofunga skrubu haikuwa imezama hata kidogo. Ilikuwa ngumu, imesimama chini ya mguu wake.

“Achilia, mama,” nilimwambia. “Imeshika.”

Nilimsugua mguu mpaka ukatulia. Kisha, yeye akiwa bado ndani kwa sababu alikataa kushuka, niliteremsha gari kwenye mteremko ule ule. Nilikanyaga, likasimama. Nililiachia, nikakanyaga tena, likasimama. Mama Anifa alipiga vigelegele kutoka kwenye migomba yake iliyolala. Nilimpigia Djuma, naye katikati ya ngoma za harusi akanihoji kipande kwa kipande, kila kimoja kinafanya kazi gani na nimekifunga vipi. Nilipomwambia nimeosha kwa lutuku, alicheka mpaka simu ikakata. Alipiga tena akasema twende, lakini polepole, na kila tukipumzika niguse magurudumu kuona kama kuna linalochemka.

Jua linazama sasa. Mfuko wa mama uko garini. Nimemtumia Ramazani ujumbe: inatembea, inasimama, tunatoka alfajiri, kiti cha mbele kina nafasi ya watu wawili.

Hajajibu. Si kitu. Alfajiri tutapita kwake, nitapiga honi, na mbele ya mlango wake nitakanyaga breki.